Mzee Alfani Bwanali, Mjenzi wa Viwanja vya Ngoma

Mzee Alfani Bwanali, tunayemlaza leo hapa Newala, alizaliwa Nanganga yapata mwaka 1862, mtoto wa pili wa Bwanali na Mwanaisha. Shule hakusoma, hazikuwapo. Alilelewa na mjomba wake Mussa, mjenzi wa viwanja vya ngoma kule Masasi, na masomo yake yalikuwa chini ya majabali. Mjomba alipiga kofi, Alfani akatakiwa aonyeshe sauti imerudi kutoka wapi. Akikosea aliulizwa, "Masikio hayo umeyaazima?"

Akaja kuwa fundi kweli. Ngoma alizipanga zikaligeuzia jabali mgongo, jiwe likaisukuma sauti mbele hadi vijiji vya mbali. Ah, Masasi ile! Wazee wakiisimulia, mpaka leo mabega yanawacheza.

Mwaka 1886 alimwoa Bi Somoe Mohamedi wa Newala, akahamia ukweni, na mtoto wao wa kwanza akawa Adija.

"Kwenu hakuna mawe," alilalamika. "Sauti yote inakimbilia bondeni Ruvuma."

"Basi ifuate," mkewe akamjibu.

Hakuifuata. Alijenga kuta za miti na udongo ukingoni mwa bonde, na sauti ikatulia kijijini.

Kisha vikaja vita vya Maji Maji. Julai 1906 akida wa Wajerumani alipiga marufuku ngoma, akihofia zinaita watu vitani, na wavulana walikuwa jandoni, akiwamo Nurdini, kitinda mimba wake. Alfani aliwaahidi akina mama kuwa ngoma zitapigwa tu. Yeye aliyezoea kuipeleka sauti mbali, sasa ilibidi aifungie ndani. Alichimba uwanja ukazama hadi kifuani, akauzungushia safu mbili za mabua ya mtama, katikati akashindilia nyasi. Alasiri ngoma zikalia. Askari akapita njiani, asisikie kitu! Wanaume wakaziba vinywa kwa kucheka.

Ila walisahau jambo. Mama hakanyagi kambi ya jando; ngoma ya alasiri ndiyo humwambia kuwa watoto wazima. Ikinyamaza, kuna aliyekufa. Kijijini kikazuka kilio, na Bi Somoe akaja mpaka mwisho wa njia anayoruhusiwa.

"Baba Adija! Mmemzika wapi mwanangu?"

"Nurdini mzima!"

"Wanaume huficha. Ngoma uliyoniahidi iko wapi?"

Alfani akautazama ukuta wake, kazi aliyojivunia kuliko zote. Akashika shoka.

"Utatuponza, shemeji!" akasema Abdulkadiri, kaka wa Bi Somoe.

"Wewe piga ngoma," akamjibu, akaubomoa upande wa kijijini.

Sauti ikamwagika. Kilio kikakatika, na papo hapo akina mama wakapiga vigelegele ambavyo ukuta wowote usingeweza kuvizuia. Akida akavisikia. Alfani akasema kosa ni lake peke yake, akalazwa chini, akachapwa viboko mbele ya watu.

Jioni Bi Somoe alimkanda mgongo kwa maji ya moto.

"Inauma?"

"Inauma. Lakini uliisikia vizuri?"

"Kila pigo, Baba Adija."

Februari mwaka huu kichomi kilimwangusha. Dawa za miti hazikufua dafu. Alifariki nyumbani, Jumatano asubuhi, tarehe 12 Machi 1913, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe. Ameacha mjane, Bi Somoe. Watoto wawili, Adija na Nurdini. Na wajukuu ambao kila mmoja aliwahi kupigiwa kofi na kuulizwa sauti imetoka wapi.

Mungu amkunjulie rehema zake, apumzike kwa amani.