Daraja Linaloishia Hewani

Ukishuka kutoka sokoni kuelekea ziwani, hapa Mwanza, utapita chini ya daraja la mawe lenye matao marefu kuliko nyumba zote za jirani. Linaanzia nyuma ya ukuta wa yadi ya zamani ya pamba, linavuka barabara, linavuka vibanda vya mitumba, halafu likikaribia maji linakatika tu, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Wote tunajua lilijengwa kwa ajili ya treni, na wote tunajua treni haipiti. Chini ya tao la mwisho, mahali ambapo jua halifiki na mvua haifiki, ndipo Odeta anapouza kahawa, na ndipo lilipo benchi letu: mbao zimepangwa juu ya vyuma viwili virefu, vyuma vimelazwa juu ya mawe, na juu ya yote kuna mkeka uliochoka. Vyuma hivyo ni vizito kiasi kwamba hakuna mwizi aliyewahi kulijaribu benchi lile mara mbili.

Kijiwe chetu kina sheria moja tu. Aliyeitunga ni Odeta mwenyewe, alipochoka kuosha vikombe peke yake. Ukiulizwa jambo ukajibu "sijui", unaosha vikombe vyote mpaka jioni. Tangu sheria ipite, hakuna mtu aliyewahi kukosa jibu pale. Nimesikia watu wakieleza asili ya radi, uzito wa ndege ya mizigo, na sababu ya Wazungu kula minofu ya sangara na kutuachia sisi mapanki, mifupa na vichwa, wote bila kusita. Mimi ni fundi baiskeli, naitwa Chenge, na kwa mikono yangu ya grisi hakuna anayetaka niguse kikombe chake. Hata hivyo nami najibu kila ninachoulizwa.

Jumamosi hiyo tulimkuta Odeta amekaa tu, jiko halijawashwa.

— Leo hakuna kahawa? aliuliza Malimi. Huyu tunamwita Idhaa, kwa sababu kila asubuhi hutusomea habari ambazo redio yenyewe haijazipata.

— Kahawa ipo, alijibu Odeta. Atakayekosekana ni mimi. Jana jioni kapita yule kijana wa halmashauri, Jonathan. Yadi ya pamba imeuzwa, na daraja limo humo humo. Mnunuzi anataka reli zilizoko juu akaziuze chuma chakavu. Atalibomoa azichukue.

— Hayo ndiyo mageuzi! alisema Yeremia, muuza mitumba, ambaye jina lake la kijiweni ni Soko Huria. Tangu serikali ifungue biashara, kwake kila kitu ni kizuri. — Sasa hivi kila mali ina mwenyewe. Mlitaka likae tu hapo linaota majani?

— Na mashati yako unayatundika wapi, Yeremia? aliuliza Odeta.

Soko Huria aligeuka akatazama mashati yake, yaliyoning'inia kwenye misumari ya nguzo ya daraja.

— Basi hayo si mageuzi, alisema. Huo ni uonevu.

Tulicheka, lakini Odeta hakucheka.

— Nyinyi chekeni. Nilianza hapa mwanangu Winnie akiwa mgongoni, leo yuko darasa la sita. Nikihamishwa nikakae juani huko Mkolani, nani atanifuata kwa kikombe cha kahawa? Wewe Idhaa utapanda basi unifuate?

Sikuwahi kumwona Odeta na uso ule, na iliniuma.

— Jonathan kasema kitu kimoja, aliendelea. Kama daraja lina historia, anaweza kulitetea. Leo saa nne anarudi. Anataka wazee wa mtaa wamweleze lilitoka wapi na lilifanya kazi gani. Historia moja. Kasema hivyo mara mbili: moja, inayoeleweka.

Hapo benchi zima likapumua. Historia? Sisi? Mtu ametuomba maji na sisi tumekaa ziwani!

— Washa jiko, mama, alisema Mzee Otuoma, akivua koti na kulikunja magotini. Hiyo kazi imekwisha.

Mzee Otuoma ni wa Shirati, na tunamwita Injinia. Alifanya kazi reli miaka mingi. Yeye husema alikuwa upande wa mitambo. Odeta husema mtambo wenyewe ulikuwa birika la chai kwenye behewa la chakula, na humwambia hivyo kila siku.

— Daraja hili ni la Mjerumani, alianza Injinia. Tazama mawe. Mwingereza hapangi mawe namna hii.

— Mzee, kwa heshima, alidakia Idhaa. Mjerumani aliondoka kabla reli haijafika Mwanza.

— Ndiyo maana limeishia hewani! Alikuwa bado anajenga, vita vikamkuta. Akaweka mwiko chini, akakimbia.

— Sasa mbona alianzia huku mwisho, reli yenyewe ikiwa bado iko Tabora?

— Mjerumani huanza na sehemu ngumu.

Odeta akapuliza makaa. Wakati huo mama mmoja alifika na kikapu na kuku wawili waliofungwa miguu. Alisema jina lake ni Kija, anasubiri kivuko cha kwenda Sengerema, akaomba kahawa.

— Karibu, mayu, alisema Idhaa, akimwita mama kwa Kisukuma, akamsogezea nafasi.

Mama Kija akafunga kamba ya kuku wake kwenye ncha ya chuma cha benchi, akakaa.

— Sikilizeni ukweli, alisema Idhaa. Ni la Mwingereza, kwa ajili ya pamba. Marobota yalikuwa yakipita chini, barabarani, lakini ng'ombe wa Wasukuma hawakubali kupisha gari moshi. Treni inapiga honi, ng'ombe anaitazama tu. Marobota yanachelewa meli. Mwingereza akaona, ng'ombe hahamishiki, basi bora nihamishe treni. Akaipandisha juu.

— Hiyo nakubali, nilisema mimi. Na mwishoni palikuwa na ngazi kubwa ya mbao, marobota yanateleza mpaka ndani ya meli. Ngazi ililiwa na mchwa.

— Umeiona?

— Mchwa si walishaila! Nitaionaje?

— Acheni fiksi, alisema Soko Huria. Ngosha Idhaa, wewe na ng'ombe wako, na Chenge na mchwa wake. Mtu hajengi kitu kikubwa hivi kwa ajili ya pamba. Hili lilikuwa liende Bukoba.

— Juu ya maji?

— Juu ya maji. Hiki ni kipande cha kuonyesha, kama ninavyotundika shati moja nje watu wajue ndani kuna mengine. Walitaka watu wakikiona wanunue daraja zima. Hawakupata mteja. Siku hizi wangempata asubuhi tu.

— Mimi nimelipita daraja hili ndani ya treni, alisema Injinia ghafla.

Hili hatukuwahi kulisikia.

— Mzee Otuoma, alisema Odeta, Mungu anakusikia.

— Anisikie! Nilikuwa kijana. Tulibeba behewa la maji, na ndani ya maji kulikuwa na sangara. Mnadhani sangara alifikaje ziwa hili? Hakuwepo! Tulipofika mwisho, breki zikakataa. Behewa likaning'inia pale, likamwagika. Samaki wote ziwani. Leo mnaona ndege za minofu zinapishana angani, mnadhani zilianzia wapi? Kwenye breki ile.

— Na dereva?

— Aliruka.

— Na wewe?

— Mimi nilikuwa nimeshika birika.

Tulicheka mpaka Soko Huria akashika nguzo. Hata Odeta alitabasamu, lakini mara akatazama jua.

— Saa nne inakaribia. Nahitaji historia moja, nyinyi mmenipa nne, na ya sangara nikimwambia yule kijana atalibomoa daraja leo leo kwa mikono yake.

Basi tukaanza kuziunganisha. Kila mtu alikubali kupunguza kidogo, kwa shingo upande. Idhaa akasimama kuisema yote kwa sauti ya taarifa ya habari:

— Mjerumani alianza kulijenga kuanzia mwisho. Vita vikamfukuza. Mwingereza akalimaliza kwa sababu ya ng'ombe. Treni ikabeba pamba juu, kwa nia ya kufika Bukoba, mpaka siku ile breki zilipokataa...

— Bila sangara, alisema Odeta.

— Sangara mmoja, aliomba Injinia. Mmoja tu.

— Bila sangara!

Ndipo Mama Kija aliposhusha kikombe chake.

— Samahani, wazee wangu. Mimi ni mgeni, nauliza tu. Hizo reli anazozitaka huyo mnunuzi, huko juu zipo?

Idhaa akainua kikombe kilichokwisha kahawa, akanywa. Soko Huria akaanza kukagua vifungo vya shati ambalo hakuna aliyelinunua. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu, nami nilikuwa nimevaa malapa. Nyuma ya jiko la Odeta kuna ngazi za mawe zinazopanda mpaka juu. Zipo miaka yote. Odeta huanika vikombe kwenye ngazi za chini, na za juu zimeota majani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzipanda. Kwa nini upande, wakati majibu yote yapo benchini?

Odeta alitutazama mmoja mmoja, amekunja mikono. Alikuwa anasubiri kama tunavyosubiri daktari aseme.

— Sijui, alisema Mzee Otuoma.

Naapa nilisikia maji ya birika yakichemka. Yeye, mkubwa wetu, ndiye aliyelisema kwanza neno lile. Akainuka, akalitupia koti lake begani, akasogeza vikombe pembeni, akaanza kupanda ngazi taratibu akishika ukuta. Sisi wengine tukamfuata kwa aibu, na Odeta nyuma yetu na kijiti cha kuchochea moto, kwa ajili ya nyoka.

Juu kulikuwa na upepo mzuri. Kulikuwa na majani, viota vya kunguru, na mataruma machache yaliyooza, zile mbao nene ambazo reli hulazwa juu yake. Na ziwa lote, mpaka ng'ambo. Reli haikuwepo. Wala ya kulia, wala ya kushoto, wala kipande.

— Hakuna, alisema Odeta polepole. Kisha kwa nguvu: — Hakuna! Atabomoa achukue nini?

Injinia alikuwa amesogea ukingoni, anatazama chini. Akanivuta shati. Nikatazama. Chini kabisa niliona benchi letu, na ncha za vile vyuma viwili zimetokeza huku na huku chini ya mbao, zimelala sambamba, zimenyooka sawasawa. Kuku wa Mama Kija walikuwa wamefungwa kwenye kipande cha reli.

— Mzee, nilimnong'oneza. Sisi...

— Nyamaza, Chenge. Tushuke tukakae.

Hakuhitaji kuwaeleza wengine. Kila mmoja alitazama chini kwa zamu yake, na kila mmoja akashuka upesi kuliko alivyopanda. Jonathan alipofika tulikuwa tumeshajipanga benchini bega kwa bega.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba!

— Ile historia iko tayari?

— Panda kwanza ujionee, alisema Odeta, akimwonyesha ngazi.

Alipanda na viatu vyake vya kung'aa. Alikaa juu kitambo, akashuka na majani kwenye soksi, anacheka peke yake.

— Yule bwana alilitazama akiwa ndani ya gari! Reli hakuna hata ya dawa. Kilichobaki ni mawe matupu.

— Amwuzie nani mawe, Mwanza hii? aliuliza Idhaa, akionyesha milima ya mawe iliyotuzunguka pande zote.

— Ndiyo hivyo. Kubomoa kutamgharimu bure. Nitamwambia leo, na najua ataachana nalo. Mama, endelea na kahawa yako.

Odeta alijishika kifua kwa mikono miwili. Soko Huria akapiga makofi. Lakini Jonathan hakuondoka. Alikuwa anatutazama, tulivyobanana.

— Ila ataniuliza swali moja, alisema. Reli zenyewe zilikwenda wapi?

Mzee Otuoma akalishusha koti lake likafunika ncha ya chuma upande wake. Mama Kija akawavuta kuku wake miguuni, akatandaza kanga upande wa pili. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwepo, wote tukasema kwa sauti moja:

— Hatujui!

— Hata mmoja wenu?

— Hata mmoja! alijibu Idhaa.

— Mimi ni wa Sengerema tu, alisema Mama Kija. Sijui lolote.

Jonathan alitutazama, akalitazama koti, akaitazama kanga. Akatikisa kichwa, akaaga, akaenda zake akitabasamu.

Odeta akaleta beseni.

— Sheria ni sheria, alisema. Mama Kija, wewe ni mgeni, wahi kivuko.

Tuliobaki tukachuchumaa kulizunguka beseni. Mimi nilipewa kufuta tu, kwa sababu ya grisi. Mzee Otuoma alikunja mikono ya shati akaosha vikombe haraka kuliko sisi wote, kimoja baada ya kingine, bila kumwaga tone, kama mtu aliyeviosha miaka mingi ndani ya treni inayoyumba. Siku hiyo Odeta hakumtania. Alikaa peke yake katikati ya benchi, akajimiminia kahawa yake mwenyewe, akainywa taratibu, huku machozi na kicheko vikimtoka pamoja.