Bi Subiri na Kanda Zilizogongana Nambari

Ndugu waombolezaji, kabla ya yote msomaji wa historia hii, ambaye ni kaka wa marehemu na ndiye aliyekuwa mkuu wake wa kazi, anaomba radhi kwa mstari uliokatwa kwa kalamu katika ukurasa wa pili wa karatasi mlizogawiwa, kwa kuwa aliandika kwa mkono wake kwamba marehemu alisaidia kutengeneza programu ya faharasa pale ofisini, na binti wa marehemu, alipozipokea karatasi mia mbili kutoka kwa mchapaji jana, aliketi mezani akaukata mstari huo karatasi moja baada ya nyingine, kisha akamwambia msomaji kwa heshima zote, "Mjomba, kesho utasema mwenyewe."

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa mpiga chapa na mshona nguo, akaanza shule ya msingi Januari 1979, akamaliza sekondari Novemba 1989, akapata cheti cha ukutubi Juni 1993, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kushuka chini ya nafasi ya tatu, jambo ambalo msomaji, aliyerudia darasa la sita, alikumbushwa kila wakati wa kula, maana baba hakuwa mtu wa kuficha ripoti.

Tarehe 1 Machi 1996 aliajiriwa kuwa karani katika hifadhi ya kanda za sauti, chumba kisicho na dirisha, chenye rafu za chuma hadi darini na feni moja iliyogeuza shingo upande mmoja tu, upande wa mkuu. Wenzake walimwita Bi Subiri, kwa sababu kila aliyenyoosha kidole kufuta kitu kwenye kompyuta aliambiwa asubiri kwanza, yeye asikilize. Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998 na fundi saa, mtu mpole ambaye hakuwahi kumharakisha, wakajaliwa binti mwaka 2000, leo ni mwalimu wa hesabu, na mwana wa kiume mwaka 2004, aliyeko chuoni.

Mwaka 2007 ofisi ililetewa programu ya kusoma maelezo ya kila kanda, yaani nani alizungumza, lini na wapi, na kuyapanga ili kanda ipatikane kwa dakika moja badala ya wiki, lakini kila ilipokutana na kanda mbili zenye nambari moja ilijizima, na kazi ya siku nzima ikaenda na maji. Msomaji, aliyekuwa anatarajia wageni wa wizara Jumatatu asubuhi, aliamuru katika kila jozi kumbukumbu moja ifutwe na kanda yake itupwe, kwa kuwa ni nakala. Marehemu alimweleza mara tatu, mara ya tatu akiwa amesimama mlangoni, kwamba si nakala, kwamba makarani wa zamani walianza kuhesabu upya kutoka moja kila mwaka, hivyo nambari 412 ilikuwa mkutano wa wafanyakazi wa reli, na pia ilikuwa mkunga mmoja bibi kizee akieleza jinsi alivyozalisha watoto mia saba, akajibiwa kwamba yeye ni karani, asimfundishe mkuu kazi. Tarehe 19 Oktoba 2007 zilitupwa kanda 1,140 za rafu za mbele, maana za nyuma programu ilikuwa haijazifikia. Marehemu alipanda nyuma ya lori la taka na viatu vyake vya ofisini, akaokoa sitini na moja. Ya mkunga haikuwamo.

Baada ya hapo alijifunza kuandika programu kwa kitabu cha kuazima, kwa miezi mitano, akaitengeneza ile ya ofisi ili ikikutana na nambari zilizogongana isijizime wala isifute, bali iiweke jozi hiyo pembeni, iiandike kwenye orodha, iendelee na nyingine, kisha yeye mwenyewe, kwa masikio yake, akaipitia orodha hiyo, jozi 2,306, kwa miaka minane, akaipa kila kanda nambari yake. Cheti cha ubunifu kilitolewa tarehe 4 Mei 2009, na jina lililoandikwa ni la msomaji, ambaye alizunguka nchi saba akieleza ukarabati ule, na kila alipoulizwa swali aliomba ruhusa, akaenda msalani, akampigia marehemu simu kuuliza jibu, hata wenyeji wa mkutano mmoja wakamhurumia wakamletea dawa ya tumbo, akainywa. Marehemu alibaki karani daraja la pili hadi mwisho.

Januari 2023 alianza kuumwa mgongo, tarehe 9 Februari akagundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi, mumewe akiwa ametoka kumnunulia maji.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, majirani waliopika na kufua bila kuombwa, wafanyakazi wenzake waliotoa damu, na pia uongozi wa ofisi kwa shada kubwa lenye jina la idara kwa herufi za dhahabu, ingawa jina la marehemu halikupata nafasi. Apumzike sasa, na kelele zetu zimpite mbali.

Limebaki moja, na binti yake anasubiri lisemwe. Tarehe 2 Juni msomaji alikwenda wodini na cheti kile ndani ya mfuko wa plastiki, akaahidi kwa maneno mengi, maana maneno hajawahi kuyakosa, kwamba ataandika barua kila mahali jina libadilishwe, akaomba msamaha. Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Cheti kaa nacho, kaka. Nirudishie kanda ulizotupa."