Ramani ya Sabuni

Klak.

Ilikuwa sauti moja tu usiku ule, sauti ya kitasa kikizungushwa, kisha nyumba ikanyamaza tena. Kinyozi alikuwa macho. Alipapasa upande wa pili wa godoro, akakuta shuka imeshapoa. Hakuita, hakuinuka. Alijua ni mlango gani uliofunguliwa, alijua ni nani aliyeufungua, na alijua kwamba mkewe atakaa humo mpaka karibu na alfajiri, kwenye kitanda kilichotandikwa vizuri na kisicholaliwa na mtu. Ukuta kati ya vyumba hivyo viwili ulikuwa mwembamba, na masikio ya kinyozi yalikuwa mazima. Asubuhi, maji ya kunawa yakimtiririka kidevuni, akatangaza:

— Nitajenga ghorofa. Chumba chetu kihamie juu.

Mkewe alikuwa anafagia. Hakuinua kichwa.

— Jenga, — alisema. — Lakini usiku nitakuwa nashuka.

Kijiwe chao kilikuwa benchi la mbao mbele ya kibanda cha kunyolea, benchi lenye miguu mitatu ya kuzaliwa nayo na mmoja wa matofali, hivyo kila aliyekaa mwisho wa kushoto alikaa kwa adabu. Pembeni yake, ukutani, kiliegemezwa kioo kikubwa kilichopasuka kona, kwa ajili ya wateja wapendao kunyolewa nje penye mwanga. Bi Birika, muuza kahawa, aliweka jiko lake la mkaa pale pale, karibu vya kutosha kusikia na mbali vya kutosha kusema hakusikia. Wenye kijiwe walikuwa watatu. Zege, dereva mstaafu wa lori la saruji, ambaye kwa kupeleka mizigo kwenye majengo ya mji mzima alijihesabu kuwa ndiye aliyeyajenga. Redio, fundi wa redio, aliyeendelea kutangaza hata umeme ulipokatika. Na kinyozi mwenyewe, waliyemwita Wembe, kwa sababu ya kazi yake, na kidogo kwa sababu ya ulimi wake.

Palikuwa na sheria moja tu pale, nayo haikuandikwa popote: binti yake Wembe hatajwi. Binti huyo alikuwa na jina ambalo baba yake mwenyewe alimpa akiwa bado anatambaa, kwa kuwa hakufunga mdomo tangu alipojua kuufungua. Alikua, akajifunza kunyoa kwa kuiba wembe wa baba na kuwakalisha wadogo zake kwenye ndoo, akawanyoa vizuri kuliko ilivyotakiwa mtu kujua. Siku aliposema anataka kiti chake kibandani, baba akasema kibanda chake hakina kinyozi wa kike. Binti akasema basi atakwenda penye kiti. Baba akasema nenda, na jina lako uende nalo. Akaenda nalo kweli. Tangu hapo nyumbani waliposhindwa kuepuka walisema "yule". Redio aliwahi kujisahau, akalitaja jina akiwa kwenye kiti, povu usoni. Wembe aliweka wembe chini, akafunga kibanda, akaondoka. Redio alishinda siku hiyo nzima na ndevu upande mmoja.

Asubuhi ile basi, Wembe alimtuma mwanawe mmoja akaite mchora ramani, kisha akachukua kipande cha sabuni ya kunyolea, akaanza kuchora kwenye kioo. Sabuni ilitoa mistari myeupe, ya wazi.

— Hii ndiyo nyumba, — alisema. — Sebule. Jiko. Chumba changu. Wavulana hapa. — Mkono wake ukachora mraba mmoja zaidi mwishoni, haukuupa maelezo. — Na huku juu, masta. Chumba kikubwa, bafu lake ndani, choo chake ndani, kabati la ukutani.

— Ghorofa? — Zege akaweka kikombe chini. — Wewe unayeshika ukuta ukipanda kibaraza?

— Goti ni langu, nitaongea nalo.

— Na huko juu kuna nini ambacho chini hakipo? — Redio akauliza.

— Utulivu. Nina wavulana wawili na bafu moja. Asubuhi nasimama mlangoni na taulo begani kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari.

— Hapo umesema kitu, — Zege akasogea mbele, benchi likalia. — Halafu nyumba yako yenyewe inadai. Paa la zege, bapa kama meza. Nondo zimechomoza kila pembe. Mtu hawezi kuacha nondo zimesimama hivyo maisha yake yote, zinachoka.

Ni kweli, nondo zilikuwepo. Alipojenga, Wembe aliziacha zichomoze akisema ipo siku tutapandisha, na juu ya kila moja likavikwa kopo tupu la rangi ili isipate kutu. Makopo yale yalikuwapo mpaka leo, mekundu, yameegemea upande mmoja kama kofia. Wembe alikumbuka mkono mdogo ulioyavika. Yeye alikuwa chini, ameshikilia ngazi ya kuazima, na sauti kutoka juu ilikuwa inamsimulia kila kopo linavyojisikia. Akayafukuza mawazo hayo kwa kuchora dirisha.

— Sasa nisikilizeni, — Zege aliendelea. — Sakafu ya juu usifanye masihara. Mwaga zege nene. Nene mpaka lori langu liweze kupanda, ligeuze, lishuke.

— Lori linafuata nini chumbani kwangu?

— Maisha huyajui.

— Wewe unazungumzia sakafu, mimi nazungumzia maji, — Redio akaingia. — Maji yana uvivu wa kuzaliwa. Hayapandi mpaka yaone kuna faida. Dawa yake, tangi liwe juu kabisa, juu ya kitanda. Yakishaona kitanda yanajua hapa ni nyumbani.

— Na likipasuka?

— Utakuwa umeoga.

Bi Birika alicheka mpaka kahawa ikamwagikia mkaa, ikafuka.

— Na kitanda kiwe cha chuma, — Redio hakusimama, — ukiunganishe na hizo nondo. Nyumba nzima inakuwa antena. Wewe umelala tu, taarifa ya habari inakuingilia ubavuni.

— Na mke wangu?

— Yeye upande wake tamthilia.

— Nyie wanaume, — Bi Birika akasema, — mnapanda huko juu, mnamsahau aliyeko jikoni. Chai ya asubuhi inafikaje? Mama wa watu apande na birika mkononi?

Wakafikiri. Lilikuwa swali la haki.

— Kapi, — Zege akaamua. — Unatoboa sakafu, unafunga kapi, kamba, kikapu. Chai inapanda yenyewe, vikombe vinashuka.

— Kapi likiwa kubwa, — Redio akasema polepole, kama mtu anayeona nuru, — hata Wembe mwenyewe anapanda.

— Kwenye kikapu?

— Kwenye kiti cha kunyolea! Kile cha ndani, cha kuzunguka. Unakaa, unafunga shuka shingoni, wavulana wanavuta kamba. Goti limepona.

Hapo Wembe alicheka. Alicheka mpaka akashika kioo kisianguke, na Bi Birika akamtazama kwa jicho la mtu aliyesikia wimbo aliodhani umesahauliwa. Akachora vyote. Tangi, kitanda cha antena, kapi, kikapu cha chai, na kiti kikiwa katikati ya safari kikiwa na mtu mnene ndani. Kioo kikajaa mistari, na katikati ya mistari zikaonekana nyuso zao: Zege yuko sebuleni, Redio yuko jikoni.

— Shikamooni.

Waligeuka. Alikuwa binti mmoja wasiyemjua, kanda ya kupimia ikining'inia kiunoni, penseli imechomekwa kwenye nywele.

— Marahaba, — walijibu kwa pamoja.

— Namtafuta mzee anayeitwa Wembe. Niliagizwa kwamba kuna ramani ya kuchora.

— Ndiyo hapa, — Redio akasema. — Mchoraji yuko nyuma anakuja?

— Mchoraji ndiye mimi.

— Funga mdomo, Redio, — Bi Birika akamwambia, — inzi wataingia wakuharibie matangazo.

Wembe aliitazama ile penseli. Ilikaa kichwani pa mwenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu.

— Karibu, mwanangu, — alisema mwishowe. — Hii ndiyo kazi yenyewe.

Binti akakaa mwisho wa kushoto wa benchi, akayumba, akajikaza. Akakisoma kioo toka juu mpaka chini bila kucheka, na kwa hilo kijiwe kizima kikamheshimu.

— Hili?

— Tangi.

— Na hii kamba?

— Chai.

— Na huyu?

— Huyo ni mimi, — Wembe akasema. — Niko njiani.

— Sawa. — Akainama karibu zaidi. — Na ngazi iko wapi?

Lori la takataka lilipita mtaani, likaishia. Zege akachungulia ndani ya kikombe chake. Redio akahesabu vidole vya mguu.

— Zege! — Wembe akalipuka. — Si wewe uliyejenga mji mzima?

— Mimi nilikuwa namwaga mzigo nje ya geti! Mambo ya kupanda yalikuwa yao!

— Na wewe, Redio?

— Mimi nilikuwa kwenye maji.

Binti sasa akacheka, nao wakacheka, na pengine mambo yangeishia hapo kwa raha. Lakini alikuwa mtu wa kazi yake. Akachomoa penseli kichwani.

— Nimetokea nyumbani kwako sasa hivi, mzee. Mama amenikaribisha, nimepima. Pasipo kuvunja jiko, ngazi ya ndani inakaa mahali pamoja tu. — Penseli ikagusa ule mraba wa mwisho, ule ambao hakuna aliyeueleza. — Hapa. Lakini tukiipitisha hapa chumba kinakufa. Dirisha tunaliziba, mlango tunautoa, tunajenga ukuta. Vyumba vingine mama alinifungulia. Hiki aliniambia nikuulize wewe. Anakaa nani?

Redio akapeleka mkono shavuni bila kujua. Zege akatazama juu, kwenye makopo mekundu yaliyoonekana ng'ambo ya barabara. Bi Birika akainua birika lake, akaliinamisha juu ya kikombe cha Wembe. Likatoa tone moja, likakoma.

— Kahawa imekwisha, — alisema kwa sauti ya chini, kama anayewafungulia mlango wa kukimbilia. — Kama mnataka kwenda, nendeni.

Hakuna aliyeinuka.

Wembe alikuwa anakitazama kioo. Katika ule mraba mdogo palikuwa na uso, na uso ulikuwa wake. Alifikiri: ukijengwa ukuta pale, hapatakuwa na mlango. Pasipo mlango hapana kitasa. Atalala juu, mbali, kwenye utulivu alioutaka. Ndicho alichokuwa anakijenga tangu asubuhi, na marafiki zake walikuwa wamemsaidia kwa moyo wote. Kisha akamwona mkewe anashuka gizani, hatua kwa hatua, kama alivyoahidi. Anafika chini. Anapapasa ukuta mpya, hapati pa kushika. Anakaa kwenye ngazi.

Akachukua taulo begani, akaufuta mstari ambao penseli ya binti ilikuwa imeuacha pale.

— Ngazi ipite nje, — alisema.

— Nje inawezekana, upande wa bomba. Lakini mvua itakunyeshea ukipanda.

— Ninyeshewe.

— Na goti? — Zege akauliza, kwa upole safari hii.

— Nimekwambia nitaongea nalo.

Binti akatoa karatasi, akaiweka gotini, akaanza kuhamisha nyumba kutoka kwenye sabuni kuja kwenye penseli. Alichora haraka, kwa mistari iliyonyooka bila rula, na Wembe, ambaye alikuwa ameishi kwa kutazama mikono, akaona kwamba mkono huu umefundishwa na mtu aliyekubali kuufundisha.

— Kila chumba nakiandika jina, mafundi wasije wakachanganya. Huku juu?

— Baba na mama.

— Na bafu lao. Tangi nje ya chumba, samahani, Redio.

— Umeniua, — Redio akasema.

— Hapa?

— Wavulana.

— Na hiki?

Wembe akavuta pumzi. Alikaa kwenye benchi, ingawa kwa desturi yake alizungumza na wateja akiwa amesimama.

— Hicho dirisha lake liongezwe. Mwenyewe anapenda kusimulia watu wanaopita.

— Liongezwe. Nimeandika.

— Na mlango usiwe na kitasa. Kile cha sasa kitolewe. Kinapiga kelele usiku.

— Kitatolewa. — Penseli ikasubiri juu ya karatasi. — Jina?

Bi Birika aliacha kupanga vikombe. Redio aliziba shavu lake kabisa. Wembe alifungua mdomo, na kwa muda akaogopa kwamba neno lenyewe, kwa kukaa ndani siku nyingi bila kopo la kulikinga, litakuwa limekwisha kwa kutu. Halikuwa. Lilitoka zima, jepesi, kama lilivyotoka siku ya kwanza, mtoto akiwa anatambaa kuja kwake huku anamsemesha.

— Chiriku, — alisema. — Andika Chiriku.