Tone Lililotoka Kwenye Friji

Tarehe thelathini ya mwezi huu Idara ya Biolojia ya Mimea itamuaga mwalimu na mtafiti aliyeitumikia miaka thelathini na minne. Kamati ya sherehe iliniomba nimwandikie wasifu wa kurasa mbili, wenye uchangamfu. Uchangamfu nitautafuta njiani. Mhariri ameniahidi kwamba hatakata neno. Kama mnayasoma haya, basi ametimiza.

Wanafunzi humwita Mama Giza, na jina hilo hakulipata kwa ubaya. Sehemu kubwa ya ujana wake aliimaliza ndani ya chumba kisicho na dirisha, mwisho wa korido ya chini, akipima mwanga hafifu wa miche, ambao jicho la mtu haliwezi kuuona. Aliingia humo na kandambili, na ole wake aliyemfuata na simu mfukoni. Asubuhi moja fundi wa maabara aliingia na saa mpya yenye namba zinazong'aa, zawadi ya shemeji yake. Kamera ikaandika kwamba mche umepata mshtuko usio na mfano. Mama Giza hakumgombeza. Alimvua saa, akaitia kwenye kopo la kahawa, akafunga mfuniko, akasema, "Ukitoka utaikuta humu, nayo itakuwa imeshajua adabu." Fundi yule hajavaa saa tena kazini.

Kwa wenzetu wa uhasibu na usafirishaji, nieleze kazi yenyewe. Mmea hauna macho, masikio wala mishipa ya fahamu, lakini ukiguswa unajua, ukipigwa na baridi unajua, ukitafunwa na kiwavi unajua. Sehemu kubwa ya kujua huko hupitia kwa kalsiamu. Ndani ya ute wa seli, kalsiamu huwa kidogo sana, ilhali nje ya seli na kwenye ghala zake za ndani imejaa tele. Jambo likitokea, vijilango vya utando hufunguka, kalsiamu humiminika kwa ghafla, protini maalumu huidaka, na seli huanza kujibu: hufunga vitundu vya jani, hubadili ukuaji, huandaa kinga. Halafu pampu huirudisha kalsiamu ilikotoka, na seli hutulia. Miche ya Mama Giza ilikuwa imepandikizwa protini ya konyeza, yule kiumbe laini wa baharini anayewasha ngozi, ambayo kalsiamu ikipanda hutoa mwanga wa buluu. Ndiyo sababu ya giza.

Katikati ya safari yake ya kazi alipata jambo lililomtoa kimasomaso. Aliponda mizizi ya gugu fulani, akachuja utomvu wake, akadondosha tone moja juu ya mche. Mwanga ukaruka. Tone la maji matupu liliamsha kidogo tu, kama mguso wowote. Akahitimisha kwamba mzizi uliojeruhiwa hutoa kitu cha kuwatahadharisha majirani. Makala ikachapishwa, wageni wakamiminika, na Mkurugenzi wa wakati ule akaagiza picha ya mche unaowaka ikuzwe hadi ienee ukuta mzima wa mapokezi. Kwenye hotuba zake alisema "ugunduzi wetu", ingawa sikumbuki kumwona hata siku moja kwenye ile korido ya chini.

Mimi nilijiunga na Mama Giza wakati huo kusomea uzamivu. Tasnifu yangu, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ilisimama juu ya utomvu ule. Ilikuwa karibu kutetewa. Baba yangu, aliyekuwa akiugua figo, alikuwa ameshashonesha suti ya kunisindikiza siku ya kuvaa joho.

Ndipo friji ya maabara ikafa. Utomvu ukashinda mezani ukimsubiri fundi wa friji, na tulipoujaribu haukuamsha zaidi ya maji. Sote tulisema umeharibika. Mama Giza peke yake alisogea mezani. Alisimama akizitazama zile chupa mbili, ya utomvu na ya maji, zilizokuwa zimekaa pamoja kwa mara ya kwanza. Kwa miaka yote, chupa ya utomvu ilikaa kwenye friji na chupa ya maji ilikaa mezani. Akachukua maji safi, akaenda chumba cha chai, akayaweka kwenye friji ya wafanyakazi pembeni ya maziwa. Baada ya chakula cha mchana akaniita gizani, akanipa bomba la kudondoshea.

"Weka wewe."

"Mama, si maji tu haya?"

"Ni maji. Weka."

Nikadondosha. Tulipotoka kutazama skrini ya chumba cha pili, mwanga ulikuwa umeruka vilevile, kimo kilekile tulichokuwa tukikishangilia.

"Basi," alisema. "Tulikuwa tunapima baridi."

"Na tasnifu yangu?"

Hakunizungusha. "Haipo tena, mwanangu."

Nilikuwepo alipompelekea Mkurugenzi habari hizo. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho, akachezea kifuniko cha kalamu yake, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Sasa dada yangu, kwani kuna mtu amekuuliza?"

"Bado."

"Basi tulia. Acha mradi uishe salama. Hawa vijana wapate vyeti vyao. Baadaye utasema."

"Atakayerudia jaribio letu akakosa ndiye atakayeniuliza," alijibu Mama Giza. "Napenda nijibu kabla hajafika. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Haya. Ila usije kulia kwangu."

Aliifuta makala yake mwenyewe, kwa jina lake, na sababu akaieleza bila kumtaja fundi, friji wala mwanafunzi. Wahenga walisema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hawakusema ni mpenzi wa Mkurugenzi. Mradi ulifungwa. Mafundi wawili walirudishwa nyumbani, mmoja wao akiwa na mtoto mchanga. Mama Giza alivuliwa ukuu wa maabara na kupelekwa kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kubandua ngozi ya kitunguu na kuiweka chini ya hadubini. Chumba cha giza kikajazwa viti vya mikutano.

Mimi nilianza upya, kwa msimamizi mwingine na mada nyingine. Baba hakusubiri. Alizikwa na ile suti.

Mama Giza alikuja msibani. Mama yangu, ambaye hakuwahi kumwona, alimtambua kwa maelezo yangu ya nyumbani, maelezo ambayo hayakuwa mazuri. Akamuuliza mbele za shangazi zangu, "Wewe ndiye uliyemrudisha mwanangu nyuma?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

Mama aligeuza uso. Hakuna aliyemwambia mgeni kaa. Alisimama karibu na mlango mpaka watu walipoanza kutawanyika, akanishika bega, akaondoka.

Kwenye pongezi za kustaafu watu hupenda kusikia kwamba hatimaye tulielewana, na kwamba leo namshukuru. Sijamshukuru. Nimekubali kwamba alifanya lililo sawa, na hilo nilishalijua siku ileile, nikiwa bado na lile bomba mkononi. Lakini lililo sawa lilitulipisha na sisi ambao hatukuulizwa. Na kosa lenyewe lilikuwa la kitoto: chupa mbili, mahali pawili. Yeye hakulificha. Kila mwaka, siku ya kwanza ya vitendo, amewasimulia wanafunzi jinsi alivyojidanganya kwa miaka, mpaka wengine wakawa wanamcheka waziwazi. Aliwaacha wacheke. Kisha akawapangia chupa, ya jaribio na ya maji, mahali pamoja.

Nani anajua aliyoyafanya baadaye? Idara haijawahi kuyatangaza, basi niyaseme mimi. Baada ya vipindi vyake vya kitunguu, kwa kamera iliyokataliwa na maabara nyingine na kabati alilolifunika blanketi jeusi, aliendelea na swali ambalo kosa lake lilimwachia: kama baridi na mguso vyote hupandisha kalsiamu, seli hutambuaje kipi ni kipi? Alipima kimo cha kupanda huko, kasi yake, muda wake, na pale kunapoanzia. Aliona kwamba baridi ya ghafla ina mchoro wake na mguso una wake, na kwamba chumvi kwenye mzizi hutuma wimbi linalopanda hadi kwenye majani. Aliona pia kwamba mche uliopepewa tena na tena huacha kujibu upepo, lakini ukidondoshewa maji ya baridi hushtuka kama kawaida; haujafa ganzi, umezoea jambo moja tu. Wengine, wenye vyombo bora, walikuwa wameshaandika baadhi ya hayo kabla yake. Aliwataja wote. Makala zake tatu ndogo zimesomwa na watu wachache. Mimi nimezisoma zote, nikitafuta kosa, kwa hamu ambayo sitaieleza hapa. Sikuliona.

Leo nina maabara yangu na wanafunzi wangu. Mkurugenzi yule sasa ni mwenyekiti wa Bodi, na ndiye mgeni rasmi wa sherehe yetu. Wiki iliyopita nilimkuta Mama Giza ofisini akifunga mizigo yake kwenye maboksi ya karatasi za mitihani. Anakwenda kuishi na mdogo wake wa kike, ambaye ana bustani na, kwa maneno yake, "ulimi usio na breki." Nikamuuliza kama ana atakalolisema siku ya kuagwa.

"Lipo," alisema. "Wanifikie tu."

Nikaenda kuitazama ratiba. Kuna sala ya kufungua, neno la mwenyekiti wa kamati, wasifu, neno la mgeni rasmi, zawadi, picha ya pamoja, chakula. Mstaafu hana nafasi. Nilipouliza, katibu wa kamati aliniambia, bila kuinua macho kwenye kompyuta yake, "Muda hautoshi, na mgeni rasmi ana safari."

Mama, ahsante kwa miaka yako yote, hata ile iliyoniuma. Tunakuombea macho yapumzike, miguu iwe na nguvu ya kufika bustanini, na mdogo wako akuachie na wewe useme nyumbani kwake.

Wenzangu, wasifu huu mnao mkononi na mmeshausoma. Kwenye ratiba nimepewa dakika kumi na tano za kuusoma tena kwa sauti. Sitausoma. Jina langu likiitwa nitasimama, nitaweka kipaza sauti mbele ya kiti chake, kisha nitarudi kukaa.