Mwashi wa Pagoda Isiyo na Mwenyewe

Marehemu U Kyaw Dun alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika kijiji cha Ywathit, kando ya mto Irawadi, mtoto wa tatu wa wakulima wa ufuta. Alisoma shule ya watawa wa Kibudha hadi umri wa miaka kumi na miwili, akatoka anajua kusoma, kuhesabu na kukoroga chokaa.

Uashi ndio uliokuwa kazi yake. Mwaka 1972 alimwoa Daw Ohn Myaing, ambaye husimulia kwamba alimkubali kwa sababu kuta zake zilinyooka kuliko maneno yake.

Tetemeko la 1975 liliipasua pagoda kongwe ya kijiji, mnara wetu wa ibada, na kuliangusha taji lake la kileleni. Marehemu aliziba nyufa kwa saruji. Baada ya masika matatu tu, unyevu ukanaswa ndani na matofali ya kale yakaanza kumumunyuka. Hakumsingizia mtu. Alisema, "Nimeiumiza kwa haraka zangu, nitaiponya polepole." Kwa miaka thelathini na mitatu, kila kiangazi, aliibandua saruji ile kwa patasi na kujaza chokaa iliyokorogwa kwa maji ya sukari guru.

Wenye uwezo walijijengea pagoda mpya, maana kwetu thawabu ya ukarabati humwendea aliyejenga kwanza. Wakamtania: "We Ko Dun, unamlimia mtu usiyemjua hata jina! Mavuno si atakula yeye?"

"Mwacheni ale. Kashinda njaa miaka mia saba."

Nasi tuliosoma mjini tulicheka. Leo tujiulize ni nani hasa aliyekuwa amesoma.

Mwaka 2011 mapafu yalianza kumsumbua. Daktari akamkataza vumbi, akawa anasimamia kazi ya vijana aliowafundisha akiwa kitini, akiomba jambo moja tu: alione taji juu. Tarehe 9 Februari 2014 likapandishwa. Akafumba jicho moja.

"Limeinama kushoto. Kidole kimoja."

"Mjomba, nani ataona toka huku chini?"

"Mimi si naona?"

Vijana wakapanda tena, wakapima. Kidole kimoja. Likanyooshwa, naye akaomba chai.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 12.

Ameacha mjane, binti yake Ma Khin Htay, wajukuu wanne, na vijana kumi na mmoja wanaojua kukoroga chokaa. Leo maji ya thawabu yakimiminwa ardhini kuwagawia wafu thawabu zetu, kama alivyoagiza, tutaanza kumtaja yule mjenzi wa kwanza, kisha yeye.

Nenda salama, Mjomba. Keshokutwa tunaanza ngazi ya mashariki.