Uvimbe Ulioshusha Sukari: Risala ya Wafanyakazi wa Maabara

Mgeni rasmi, utuwie radhi kwa glavu hizi. Umetukuta tukikata nyama ya titi iliyogandishwa ndani ya nta, vipande vyembamba kuliko karatasi, na kazi hii haipendi kuachwa katikati. Karibu sana.

TULIKOTOKA
Maabara hii ilikuwa stoo ya magodoro. Wengi wetu tulijifunza kazi kwa kumtazama aliyetangulia. Tulirithi pia huruma yake: mgonjwa akizirai kwenye foleni, anapewa chai ya sukari, kisha anapimwa tena.

TULICHOKIONA
Mwezi huu alikuja mama mmoja, fundi cherehani, anayezirai karibu kila asubuhi.

"Wifi yangu anasema nakunywa kwa siri," alituambia. "Ningekuwa nakunywa, si ningefaidi japo kidogo?"

Mara tatu kipimo kilionyesha sukari iko chini mno. Mara tatu tulilaumu mashine, tukampa chai, tukarudia, tukaandika: kawaida. Kosa hilo ni letu sote.

Mara ya nne muuguzi alizuia kikombe. "Toeni damu kwanza, chai baadaye. Na wewe dada, mbona umebana mkono hivyo?"

Chini ya mtandio, titi la kushoto lilikuwa na uvimbe mkubwa kama kichwa cha mtoto.

"Hauumi," akasema. "Mimi nimekuja kwa ajili ya kuzirai."

Kumbe ni jambo moja. Uvimbe ule, wa aina adimu sana, ulikuwa ukimwaga ndani ya damu kitu kinachofanya kazi kama insulini. Daktari wa upasuaji aliutoa asubuhi. Jioni sukari ilisimama yenyewe, bila dripu. Tukapima tena.

KINACHOTUKWAMISHA
Uvimbe huu hurudi ukiachwa hata kidogo. Ni lazima bingwa wa kusoma nyama kwa darubini asome kingo zote za nyama iliyotolewa, naye huja mara moja kwa mwezi. Anaondoka kesho jioni. Wembe wa mashine ya kukatia vipande hivi umebaki mmoja, nao umechoka. Ukingo uliochanika hausomeki.

OMBI
Jengo la mapokezi unalolizindua leo ni zuri, na tunalifurahia. Sisi tunaomba boksi moja la nyembe, lifike kesho asubuhi.

Mungu akulinde wewe na wote unaowapenda, wasije wakatuhitaji. Vipande kumi na vinne tayari vimekatwa. Sita vilivyobaki tumeviweka kwenye barafu hadi kesho, vingoje wembe mpya. Mama ameuliza aje saa ngapi kuchukua majibu. Tumemwambia kesho saa tisa alasiri.

Ni sisi, wafanyakazi wa maabara.