Mama Plagi na Trekta Lililoamshwa kwa Petroli

Ndugu, majirani na marafiki, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Plagi, na mliodhani jina hilo ni utani tu, leo mtajua lilikotoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1946, mtoto wa tano wa fundi cherehani, akaanza shule mwaka 1954, akamaliza darasa la nane mwaka 1961, na tarehe 1 Julai 1965 akaajiriwa kuwa karani wa stoo katika karakana ya kampuni ya barabara, ambako, kwa kuwa hakuzoea kukaa bure, alikisoma chote kile kitabu cha trekta la minyororo ambacho madereva walikikalia wakati wa chai.

Trekta hilo lilikuwa la dizeli lakini huamshwa kwa petroli, yaani unavuta wenzo, unazungusha hendeli, injini inanguruma kwa petroli mpaka ipate joto, ndipo unarudisha wenzo na dizeli inashika kazi, na asiye na subira huizima.

Tarehe 19 Aprili 1971, baada ya mvua ya siku sita, ukingo wa udongo wa bwawa lililokuwa juu ya nyumba za wafanyakazi ulianza kumeguka, na karakana nzima ilibaki na trekta hilo moja, ambalo dereva wake, kijana mpole aliyeitwa Kimya, alilizungushia hendeli mpaka viganja vikachubuka, lisikohoe hata mara moja, ndipo karani wa stoo akatoka na spana, akafungua plagi zote nne, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli, zimelowa chapachapa, akazikausha kwenye jiko la mpika chai, akazirudisha zingali moto, akashika hendeli mwenyewe, na mzunguko wa tatu injini ikaitika, watu wakarukaruka kwenye tope wakimhimiza atie dizeli upesi, maana maji yalishaingia uani, lakini yeye akaweka kiganja kwenye injini, akasema, "Bado haijapata joto. Ikizima sasa, leo haiwaki tena."

Waliokuwepo husimulia kwamba dakika zile tatu hazikuisha, kisha akasukuma wenzo, moshi mweusi ukapaa, mlio ukawa mzito wa kutikisa mabati, Kimya akadandia kiti, akasukuma udongo hadi saa kumi jioni, ukingo ukashika, na familia thelathini na moja zikalala vitandani mwao.

Kesho yake Kimya alifika dirishani kwa karani kuomba afundishwe, masomo yakachukua miezi kumi, wakafunga ndoa tarehe 12 Februari 1972, wakajaliwa watoto watatu, naye marehemu akahamishiwa kwa mafundi, akafunza madereva zaidi ya arobaini, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2001.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2022, akalazwa mara mbili, na tarehe 8 Juni 2024, saa mbili asubuhi, akatutoka akiwa na miaka sabini na minane, mumewe akiwa ametangulia mwaka 2009.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake kuhusu kila mashine ya wodini, majirani mliopika na kukesha nasi, na wenzake wa karakana ambao alfajiri ya leo mmeondoa tope njia nzima ya makaburini bila kuombwa.

Mama, kazi umeifanya, nasi tumeiona. Lala kwa amani.